Pijo Iliyokaa Eda

Jumapili, 3 Machi

Naandika kuanzia nyuma ya daftari la Buya. Mbele ni mwandiko wake: lini alibadilisha oili, lini alikaza breki, nafasi ya kila valvu. Ukurasa wake wa mwisho ni wa tarehe 6 Februari: "Slivu nne mpya zimekaa. Mipira ya chini mipya. Hedi bado." Siku mbili baadaye aliinama kutawadha, akaanguka, hakuinuka tena. Kwa hiyo hedi bado.

Leo ni siku ya ishirini na nne ya eda yangu. Wifi Mwanahamisi, dada mkubwa wa Buya, amehamia hapa Garsen kutoka Hola kunichunga. Kila asubuhi anachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Sitoki, sijipambi, na sauti yangu isifike kwa wanaume wasio maharimu wangu. Hilo la sauti sheikh hakulisema, ni la wifi mwenyewe, lakini katika nyumba hii neno la wifi halina rufaa.

Uani kuna pikapu yetu, Pijo 504, boneti wazi, injini nusu, haina hedi, kifuniko chake cha juu. Nayo imekaa eda pamoja nami.

Jumatano, 6 Machi

Ubeid amekuja, mdogo wake Buya, aliyepanga chumba hapa mjini tangu msiba. Alikaa barazani na sheikh wa msikiti wetu, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Sheikh alieleza mirathi. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo robo ni yangu, na inayobaki ni ya Ubeid na dada yake, yeye mafungu mawili na dada moja. Mali itagawanywa siku nitakayotoka eda.

"Nyumba nachukua mimi," Ubeid alisema. "Watu wangu watahamia kutoka Hola siku hiyohiyo."

"Na ile gari pale uani?" sheikh aliuliza.

Ubeid alicheka. "Hiyo si gari, sheikh, ni machuma. Machuma mwachieni shemeji. Ndiyo robo yake. Lakini siku hiyo yaondoke. Kama haitembei yenyewe, nitaita watu wa skrepa waje na nyundo."

Hakuna aliyeniuliza kitu nyuma ya pazia. Wifi alijibu kwa niaba yangu kwamba nimesikia.

Nimesikia sana. Kama Pijo haitatembea, nitarudi Kinakomba kwa mama, kwenye shamba la ukingoni ambalo mto unalimega kila mwaka, nikiwa na sanduku moja la nguo. Ikitembea, nina kazi. Buya alikuwa akibeba mpunga kutoka Wema na wateja wake wananijua, kwa sababu mara nyingi mimi ndiye niliyeshika usukani yeye akisinzia. Miaka kumi na mmoja nimemshikia tochi mwanamume yule, nimemuoshea bolti kwa petroli, nimemsomea vipimo. Nitaifunga injini hiyo mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia wifi. Alinitazama kana kwamba nimesema nataka kucheza ngoma. Kisha akampigia sheikh simu. Sheikh alisema ua ni sehemu ya nyumba, na grisi si manukato.

"Haya," wifi alisema. "Lakini mimi sishiki kitu cha mafuta."

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Nimeosha bolti za hedi, kumi, na kuzipanga kwenye trei ya chai.

Jumatatu, 25 Machi

Nimesaga valvu kwa mkono. Viganja vimechubuka na nimefunga, siwezi hata kunywa maji. Wifi anakaa kivulini na tasbihi yake, ananitazama kama askari wa kaunti. Akiona kichwa changu kinapita juu ya ua wa makuti ananiita ndani. Simpendi mwanamke huyu. Nimeliandika sasa na sitalifuta.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Nguo zilezile. Ubeid alileta tende na nyama, akaniombea dua mlangoni. Si mtu mbaya, nilimwonea.

Jumatano, 24 Aprili

Gasketi ya hedi, bamba jembamba la kuziba kati yake na injini, imefika. Khadra ndiye aliyeiagiza Mombasa, ikaletwa kwa basi. Ana duka la vipuri na mafuta nusu kilomita kutoka hapa, Msomali asiyejua kunong'ona, na kwa kuwa ni mwanamke wifi hana la kusema. Aliingia mpaka uani akiipunga juu.

"Abaayo, mimi nimeambia wao, kama si ya 504 nitarudisha mpaka nyumbani kwao," alisema. Kwa Khadra kila mwanamke ni abaayo, dada yake.

Tuliilaza juu ya injini, ikalingana tundu kwa tundu. Baada ya kuondoka kwake nilifungua vibano ili nisafishe uso wa injini. Niseme vibano ni nini, maana pengine nitasoma haya nikiwa mzee. Slivu ni mabomba manne ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika Pijo hazikugandishwa, zimekaa tu juu ya mipira miembamba, na nje yake yapo maji ya kupoza. Hedi ikishafungwa ndiyo inayozikandamiza. Kabla ya hapo huwa zinashikwa na vibano, na Buya alivikata kutoka bomba la kisima. Aliniambia mara mia: hedi ikiwa nje na vibano havipo, injini haizungushwi hata kwa kidole. Pistoni itainua slivu, mpira utasogea, na maji yatapata njia ya kwenda kwenye oili.

Nilisafisha mpaka magharibi. Kesho nafunga hedi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua mfululizo. Nimefunika kwa turubai na magunia.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Wanasema maji yamevuka tuta upande wa Wema, na watu wanahamia barabarani.

Jumamosi, 27 Aprili

Maji yameingia uani asubuhi, ya kahawia, yakibeba mabua ya mahindi ya watu. Ilipofika saa nne yalikuwa nusu ya magurudumu. Nyumba iko juu kidogo, lakini Pijo iko chini, karibu na lango.

Ubeid alikuja na wanaume wapatao kumi kutoka msikitini. Sikumwita, alikuja mwenyewe, suruali imekunjwa magotini. Nilikuwa dirishani na wifi. Waliingia majini wakiitana, wakashika gari nyuma na ubavuni, Ubeid akaketi penye usukani. Walitaka kuipandisha mpaka nyuma ya jiko. Nilifurahi, naapa. Nilisema moyoni, Mungu awalipe.

Kisha nikakumbuka gia. Hendibreki ya Pijo ilikufa zamani, na Buya alikuwa akiiegesha kwenye gia ya kwanza. Gari ikisukumwa ikiwa kwenye gia, injini inazunguka. Ingekuwa na hedi, ingegoma, nao wangejua. Lakini haikuwa na kitu cha kukandamiza, na vibano niliviondoa mimi Jumatano.

Nilifungua mdomo. Nilishavuta pumzi. Wifi aliweka kiganja chake kwenye midomo yangu.

"Wanaume hao, Swaleha. Eda yako."

Nikanyamaza. Kumi wakasukuma, "haya, haya, na tena," na kwa kuwa boneti ilikuwa wazi na turubai ilifunika juu ya injini tu, kutoka dirishani niliona feni ikizunguka taratibu, kila hatua waliyopiga, mpaka nyuma ya jiko. Hatua ishirini na mbili. Ubeid alishuka akifuta mikono na wote wakacheka kwa raha ya watu waliofanya jambo jema.

Wifi aliwapelekea chai. Mimi sikutoka chumbani.

Jumapili, 28 Aprili

Nimefunua magunia. Nimeweka rula ya chuma juu ya slivu zote nne. Zinaonekana sawa. Nimezibonyeza kwa kiganja, zinaonekana sawa. Kuzitoa ni kuanza upya, na mipira mipya haipo hata Mombasa, Khadra ameniulizia. Zinaonekana sawa.

Jumatatu, 6 Mei

Maji hayajashuka. Mbu.

Jumamosi, 11 Mei

Hedi imekaa. Tuliiinua mimi na Khadra, yeye akisoma Bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Nilikaza bolti kutoka katikati kwenda nje, mara tatu, kwa ile spana ya kupima nguvu ambayo Buya hakumwazima mtu yeyote duniani. Wifi alitazama yote. Mwishoni aliuliza, "Kwa nini huanzii pembeni?" Ndilo swali lake la kwanza tangu Machi. Nilimjibu kwamba ukianzia pembeni gasketi inajikunja katikati. Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye tasbihi.

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya aibu. Kila nikipiga stata inakohoa, inatema moto kwa kabureta, inazima. Nyusi zangu nusu hazipo. Nimepima cheche, ipo. Petroli, ipo. Nafasi za valvu nimezirudia kwa vipimo vya daftari. Ubeid amepita akasikia milipuko, akamwambia wifi kwa sauti ili mimi nisikie: "Mwambie shemeji asichome nyumba ya watu."

Nyumba ya watu. Buya aliichimbia msingi kwa mikono yake, na Ubeid alikuwa Hola.

Jumapili, 19 Mei

Nilisoma daftari la Buya tangu mwanzo, na katika ukurasa wa 2016 nikakuta: "Silinda ya kwanza ya Pijo ni ya upande wa gia, si ya rejeta. Nimesahau tena, mjinga mimi." Hata yeye. Nilikuwa nimehesabu kutoka mbele kama watu wote, nyaya za plagi zikakaa kinyume. Nilizibadilisha, nikapiga stata.

Imewaka. Imewaka, imetulia, imenguruma kwa sauti ile iliyokuwa ikinijulisha kwamba chakula kiwekwe mezani. Niliketi kwenye usukani nikalia mpaka kanga ikalowa. Wifi alisimama mlangoni na mkono kifuani, machozi yanamtoka naye. Buya ni ndugu yake pia. Sijui kwa nini nimechukua miezi mitatu kulikumbuka hilo.

Jumatano, 22 Mei

Imewaka dakika kumi. Maji ya rejeta yamepungua. Nimeongeza.

Alhamisi, 23 Mei

Yamepungua tena. Chini pakavu, hakuna tone.

Ijumaa, 24 Mei

Nimechomoa kijiti cha oili. Imekuwa chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekaza hedi upya. Nimemlaumu Khadra kwamba gasketi ni mbovu. Alikasirika, na ana haki. Nimemwaga oili, nimeweka nyingine, baada ya dakika ishirini chai ya maziwa. Nimefikiri hedi ina ufa. Nimefikiri kila kitu isipokuwa kile ninachokijua.

Jumapili, 2 Juni

Leo nimefanya jaribio moja ambalo lingetosha tangu mwanzo. Nimemwaga oili yote, nikaacha tundu la chini wazi, nikajaza rejeta, na sikuwasha injini. Nikalala chali chini ya gari nikangoja. Kama ni gasketi ya juu, injini ikiwa imezimwa, tena imepoa, haidondoshi kitu. Nikahesabu mpaka mia mbili na kitu. Kisha tone. Kisha tone jingine. Maji meupe safi kutoka kwenye tumbo la oili.

Ni mipira ya chini ya slivu. Ni zile hatua ishirini na mbili.

Nilitoka pale chini nikamkuta wifi amesimama na ndoo.

"Siku ya mafuriko ulinifunika mdomo," nilimwambia. "Gari ilikuwa kwenye gia. Nilitaka kuwaambia waitoe. Neno moja tu, wifi. Sasa injini ya Buya inakunywa maji."

Aliweka ndoo chini. "Nilikuwa nalinda eda yako."

"Najua."

"Nilidhani unataka kulia mbele yao." Alitazama mikono yake. "Ungeutoa mkono wangu, Swaleha."

Hapo ndipo penye uchungu. Nilikuwa tayari kumchukia maisha, na amesema kweli. Mkono wake haukuwa mzito. Ni mwanamke wa miaka sitini na tano. Ningegeuza uso tu ningekuwa nimesema. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka wale kumi, na Ubeid, waende wakasema mjane wa Buya ana heshima. Nimeinunua sifa hiyo kwa injini, na sijui nani anaisema.

Jumanne, 4 Juni

Khadra amenisamehe. Mipira ataiagiza Nairobi, itachukua wiki tatu. Eda yangu inaisha Jumamosi ya wiki ijayo. Tumepanga hivi: siku hiyo nitaweka oili mpya na maji kidogo tu, niendeshe nusu kilomita mpaka ua wa Khadra, nizime, nifungue hedi tena hapo. Nusu kilomita itafika. Kisha nitaanza upya nikiwa na muda wote duniani.

Wifi alitusikiliza, akauliza, "Nimulike wapi?" Ana tochi mkononi tangu leo, na kanga yake ina oili.

Alhamisi, 13 Juni

Mistari ya mkaa imefika mwisho wa ukuta, anaendelea kuchora mlangoni.

Jumamosi, 15 Juni, asubuhi

Nimeoga, nimebadilisha nguo. Oili mpya. Maji chupa mbili tu, yakiwa mengi yatashuka yote kwenye oili kabla sijafika kwa Khadra.

Siku hiyohiyo, mchana

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Walikuja saa tatu, Ubeid, sheikh na mashahidi wawili. Nilikaa nao barazani bila pazia, mara ya kwanza. Sheikh alinitakia kheri. Nikasema machuma yangu nayaondoa sasa hivi, nikaingia kwenye Pijo, nikaiwasha. Iliwaka kwa mara moja. Niliwaona wakitazamana. Ubeid alisimama, akaizunguka, akaweka sikio kwenye boneti, akapiga bati kwa kiganja kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Zima kwanza, shemeji," alisema. Nikazima.

"Sheikh, mimi nilitoa machuma," akasema. "Hii sasa ni gari. Gari nzima inayotembea. Hii si robo ya mtu mmoja."

"Ulisema mbele ya sheikh," nilimwambia.

"Nilisema machuma."

Sheikh alishika ndevu. Alisema mali hukadiriwa siku ya kugawanywa, na leo ndiyo siku. Alisema bila kunitazama. Alisema robo yangu itabaki ndani ya gari, na Ubeid aifanyie kazi na kunipa fungu langu. Miezi mitatu ya mikono yangu wameigawanya kabla chai haijapoa. Ningeiacha ikiwa vipande, ingekuwa yangu yote. Nimeifunga bolti kwa bolti mpaka ikawa ya Ubeid.

"Tena imekuja wakati mzuri," Ubeid alisema. Idd ya kuchinja imebaki siku moja, na ana mbuzi kumi na wanne wa kupeleka Malindi. Akawageukia mashahidi. "Mnaionaje, wazee? Itafika?"

Mmoja alisema injini inasikika safi. Mwingine alisema Pijo za zamani ndizo gari.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Eda imekwisha, sauti yangu ni yangu, na hakukuwa na mkono wa mtu kwenye mdomo wangu. Nilingoja aniulize. Neno moja tu, shemeji, hii gari ina nini. Naapa ningemwambia yote. Nikamtazama wifi. Ana fungu lake ndani ya gari ile, tena ni ndugu yake wa tumbo moja, na tumbo la oili lilipodondosha maji siku ile ndoo ilikuwa mkononi mwake. Aliinama akaanza kukusanya vikombe.

Walipakia mbuzi. Ubeid alitoka langoni akipiga honi. Tulisikiliza mpaka sauti ikaingia barabara kuu, wifi na mimi, hatukutazamana.

"Ilikuwa kazi ya mkono wa Buya," nilimwambia.

"Najua," alisema wifi. "Nenda ukapange sanduku, Ubeid anasema watu wa Hola wako njiani."

Jioni

Simu ililia baada ya adhuhuri. Ubeid. Kati ya Minjila na Tarasaa, gari imetoa moshi mweupe, ikagonga, ikasimama, na haizunguki tena hata ikivutwa. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia kwa jua.

"Shemeji," alisema, "hii gari ina nini?"

Miezi minne na siku kumi, na ndiyo mara ya kwanza ananiuliza. Nikamjibu. Nilimweleza slivu ni nini, mipira ni nini, siku ya mafuriko, gia ya kwanza, na yeye aliyekuwa kwenye usukani. Nilieleza polepole na kwa heshima, kama Buya alivyonieleza mimi. Nilisikia akipiga bati la gari kwa kiganja.

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuuliza."

Alitukana, si mimi hasa, alitukana tu. Kisha akasema, "Njoo uchukue machuma yako."

Nilimwomba arudie, na nikamwekea sheikh simu sikioni, maana alikuwa bado barazani akingoja chakula. Akarudia. Sheikh aliitikia kwamba amesikia.

Khadra ametafuta kamba na trekta. Tutaivuta kesho mpaka uani kwake. Bila kuifungua najua krenki, mhimili wa injini, imekwisha, pistoni zimekwama, slivu nne za Buya zimepasuka. Hakuna alichokigusa Buya ambacho kimebaki kizima isipokuwa hili daftari na ile spana. Robo yangu nimeipata yote, na nimeiua mwenyewe ili niipate. Wifi anasema kama nitakaa kwa Khadra, naye atakaa, hana kazi Hola. Tochi anayo.

Nimegeuza daftari na kufungua ukurasa wa Buya, chini ya maneno yake ya mwisho. Nimeandika tarehe, na: "Slivu zote kutoa. Hedi bado."